Siri ya Mtungi: Kufuta Nyayo Katika Tarakilishi ya Nyumbani

Siri ya mtungi aijuaye kata. Tulifundishwa methali hii tungali wadogo, tukaambiwa kwamba mtungi hauwezi kuificha kata jambo lolote kwa kuwa kata huingia ndani yake kila siku. Leo hii kata imebadilika umbo. Imekaa sebuleni juu ya meza, ina kiwambo na kibodi, na kila mtu wa nyumba ile huitumia kwa zamu. Katika makala haya nitaiita tarakilishi, kwa kuwa ndilo jina tulilokubaliana chamani, ingawa najua kwamba hata wewe ukifika nyumbani husema kompyuta kama mimi.

Ninachotaka kukufunza ni jinsi ya kuzitambua na kuzifuta nyayo ambazo tarakilishi hiyo huzihifadhi kila mtu anapotembelea intaneti. Watu wengi hudhani nyayo hizo ziko mahali pamoja, kwamba ukifungua orodha ya kurasa ulizozitembelea na kuifuta, basi, yamekwisha. La hasha! Orodha ile ni mlango wa mbele tu. Nyumba ina milango mingine ya uani.

Kwetu Voi tuna tarakilishi moja ya mezani. Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, mama akailipia polepole. Mama huiandikia hesabu za biashara yake, kaka yangu aliye chuoni huitumia akija likizo, dada yangu mkubwa husomea habari zake, nami na mdogo wangu tunafanyia kazi za shule. Hapo sijawataja majirani. Ukiwa na tarakilishi na intaneti mtaani, nyumba yako inageuka kuwa posta. Huyu amekuja kuomba mkopo wa HELB, yule anataka kuona amepewa chuo gani na KUCCPS, mwingine anafuatilia cheti cha tabia njema kwenye eCitizen. Wote wanakalia kiti kimoja na kufungua kivinjari kimoja. Kivinjari nacho hakijui kwamba aliyeketi sasa siye aliyeketi jana.

Mwezi wa Juni mwaka jana mjomba alikuja kuwasilisha taarifa yake ya kodi kwa KRA kabla ya tarehe 30, maana siku hiyo ndiyo ya mwisho. Akaketi, akabofya kwenye kile kisanduku cha juu cha kuandikia anwani, akaandika herufi k. Hakuandika nyingine. Chini ya herufi hiyo zikashuka kurasa nne, zote za jambo moja: dalili za kifafa, dawa za kifafa, kifafa na ndoa, kifafa na uzazi. Mjomba akageuza kiti.

"Kwani nani ana kifafa humu ndani?"

Dada alikuwa palepale kwenye kochi, ameinamia simu yake. Hakuinua kichwa. Mama alikuwa jikoni, nikasikia kijiko kimetua. Mdogo wangu ndiye aliyesema haraka, "Ni kazi ya shule, mjomba," na mjomba akakubali, au alijifanya kukubali. Mpaka leo hatujui.

Dada alikuwa ameanza matibabu miezi minne awali. Waliojua ni mama, daktari na sisi wa nyumbani. Wengine alikusudia kuwaambia mwenyewe, kwa maneno yake na kwa wakati wake, hasa kwa kuwa kulikuwa na watu waliotarajiwa kuja nyumbani kwa mambo ya posa. Herufi moja ilitaka kumtangulia. Ameniruhusu niyaandike haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Na kwa wale ambao bado wanaamini ya mitaani: kifafa hakiambukizi, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 70 ya walio nacho wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa.

Nilipoisimulia habari hii katika mkutano wa chama, mwenzetu mmoja aliinuka akauliza: "Kama huna baya, unafuta nini? Na wahenga si walisema mficha maradhi kifo humuumbua?" Swali lilikuwa zuri na lilizua mjadala hadi kengele ikalia. Jibu langu lilikuwa, na bado ni, kwamba dada hakumficha daktari. Methali ile inamsema anayemficha mtu wa kumtibu, haimsemi anayechagua mjomba gani ajue na lini. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Ni kweli sheria hiyo huyabana mashirika na ofisi zaidi, haiji sebuleni kukagua nani amechungulia nini. Sebuleni tunabaki na adabu, na ujuzi kidogo wa mitambo.

Basi tuuchukue huo ujuzi. Nitaanza na mambo ya kale kidogo, kwa sababu ndiko yalikotoka maneno "faili zilizofichwa" ambayo wakubwa wetu huyataja hadi leo.

Mwaka 1995 kampuni ya Microsoft ilitoa kivinjari chake cha Internet Explorer, na kwa miaka mingi baadaye ndicho kilichokuwa katika tarakilishi nyingi duniani. Kivinjari hicho kilikuja kuwa na faili zilizoitwa index.dat. Zilikuwa kadhaa: ya historia, ya vidakuzi, na ya akiba ya kurasa. Mtu alikuwa akibonyeza kitufe cha kufuta historia, orodha inabaki nyeupe pe, naye anaondoka akipiga mluzi. Kumbe ndani ya index.dat anwani bado zinasomeka. Faili zenyewe zilifichwa kama faili za mfumo, na hata ukiiamuru Windows ikuonyeshe vilivyofichwa, kabrasha la historia lilionyeshwa kwa sura nyingine, hivyo huioni faili ilipo.

Na ukiiona je? Ukijaribu kuifuta unaambiwa faili hii inatumika. Nani anaitumia na kivinjari umekifunga? Windows yenyewe! Ilikuwa inaifungua mara tu mtu anapoingia katika akaunti yake. Mafundi wa siku za Windows 98 walilazimika kuiwasha mashine katika DOS, ule mfumo wa maandishi matupu meupe juu ya weusi, ndipo waifute kwa kuandika amri. Waliokuwa na Windows XP waliingia kwa akaunti nyingine yenye mamlaka ya usimamizi wakaifuta kutoka huko. Hapo ndipo zilipochipuka programu nyingi za kuuzwa, kila moja ikiahidi kufuta index.dat, na nyingine zikitisha watu kwa matangazo kuliko zilivyosaidia.

Toleo la 7, la mwaka 2006, lilileta kitufe kimoja cha kufuta mambo yote ya historia kwa pamoja. Toleo la 10, la mwaka 2012, likaachana na index.dat na kutumia hifadhidata ya namna nyingine. Hatimaye, tarehe 15 Juni 2022, Microsoft iliacha kukihudumia Internet Explorer katika tarakilishi nyingi za Windows 10. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akikuambia leo utafute index.dat katika mashine mpya, mshukuru kisha umwambie habari hiyo ni ya mashine za zamani.

Hata hivyo jambo lenyewe halijafa. Orodha unayoiona ni kitu kimoja, na daftari ambamo orodha hiyo husomwa ni kitu kingine.

Katika Chrome daftari hilo liko ndani ya kabrasha liitwalo AppData, ambalo Windows hulificha. Ukilifungua, ukaingia Local, kisha Google, kisha Chrome, kisha User Data, kisha Default, utaikuta faili yenye jina History. Haina hata mkia wa jina kama faili nyingine. Humo mna anwani, vichwa vya kurasa, saa ya kutembelea na idadi ya mara ulizotembelea. Jirani yake ni Login Data, inayohifadhi majina na manenosiri, na Web Data, inayohifadhi yale uliyoyajaza katika fomu. Sikushauri uzifute kwa mkono. Nakuonyesha tu kwamba zipo, ili ujue unapobonyeza kitufe cha kufuta unamtuma nani wapi.

Firefox nayo ina faili inayoitwa places.sqlite, na hapa pana mtego. Tangu toleo la 3 la mwaka 2008, faili hiyo moja inabeba historia pamoja na vialamisho, yaani zile kurasa ulizoziwekea alama ili uzirudie. Mtu akiifuta kwa pupa, amefuta vyote. Hebu fikiria umemfutia kaka yako vialamisho vyote alivyokusanya kwa ajili ya utafiti wake wa mwaka wa mwisho. Hapo hata kula chakula cha jioni na yeye itakuwa shida.

Njia salama ni kukiacha kivinjari kijifagie chenyewe. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja. Katika Chrome, Firefox na Edge kitafunguka kidirisha cha kufuta. Jambo la kwanza la kutazama humo ni muda. Watu wengi hulipuuza. Kidirisha hukuuliza ufute ya muda gani, na mara nyingi hujiwekea chenyewe muda mfupi. Ukibonyeza tu bila kusoma, umefuta ya asubuhi na kuacha ya mwaka mzima. Kama unataka yote, chagua muda wote.

Kisha yako visanduku vya kutia alama. Ukiiweka Chrome katika Kiswahili (na mwanachama wa chama hiki ana udhuru gani wa kutofanya hivyo?) utakutana na neno vidakuzi. Mimi nikilisikia neno hilo husikia udaku papo hapo, na halikosei sana. Kidakuzi ni kijikaratasi ambacho tovuti hukiacha ndani ya kivinjari chako ili ukirudi ikutambue. Vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, ili duka la mtandaoni liweze kukumbuka ulichotia kapuni. Ndivyo vinavyokuwezesha kufungua barua pepe bila kuandika nenosiri kila mara. Ndivyo pia vinavyomwezesha jirani aliyekuja kwa mambo ya HELB kuikuta barua pepe ya mama iko wazi. Ukivifuta, kila mtu aliyekuwa ameingia mahali anatolewa. Kwa hiyo uliza kwanza. Kumfutia mama vidakuzi Jumapili usiku, ilhali Jumatatu alfajiri ana agizo la mteja na nenosiri lake aliliandika kwenye kikaratasi ambacho hakionekani, ni kutafuta maneno.

Akiba ni kitu tofauti. Kivinjari huhifadhi nakala za picha na vipande vya kurasa ili zikifunguliwa tena zisipakuliwe upya na kukumalizia bando. Ukifuta historia ukasahau akiba, picha za kurasa zile bado zimo ndani ya diski. Kuifuta hakumtoi mtu popote, ila kurasa zitakuwa nzito mara ya kwanza.

Kuhusu manenosiri nitasema machache. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nenosiri katika tarakilishi ya watu wengi, jibu ni hapana. Jirani akiweka nenosiri lake la eCitizen kwa bahati mbaya, mfutie akiwa amesimama hapo akiona.

Sasa, kuna njia ndogo ambayo naipenda kuliko zote, nayo ingetusaidia siku ile ya mjomba. Si lazima kufuta kila kitu. Andika herufi ya kwanza, subiri mapendekezo yashuke, shuka kwa mshale wa kibodi hadi kwenye lile usilolitaka, kisha bonyeza Shift na Delete. Linatoweka peke yake na mengine yanabaki. Katika orodha ya historia pia unaweza kutafuta neno, ukatia alama kurasa zenye neno hilo na kuzifuta hizo tu. Lakini kama ukurasa umewekwa kwenye vialamisho, pendekezo litaendelea kurudi mpaka ukitoe kialamisho chenyewe.

Naipenda njia hii kwa sababu nyingine vilevile. Historia iliyofutwa yote nayo inasema. Tarakilishi iliyotumika tangu Januari halafu haina hata ukurasa mmoja ni kama chumba kilichopigwa deki saa nane za usiku: kila mtu atauliza kulikuwa na nini. Najua wapo wasomaji wanaosoma makala haya wakitarajia kuwafunika macho wazazi. Siwezi kuwazuia, ila nawaambia wazi kwamba mzazi akiikuta orodha tupu anajua zaidi kuliko angeikuta imejaa.

Turudi kwenye fumbo ambalo lilinisumbua wiki nzima. Nilipomuuliza dada alitafuta habari zile lini kwenye tarakilishi, aliniapia kwamba hakuwahi. "Mimi nilitumia simu yangu, usiku, chumbani," akasema. Nilimwamini, lakini kurasa zilikuwa zimeshuka mbele ya macho yetu. Zilifikaje sebuleni?

Zilifika kwa akaunti. Mwanzoni mwa mwaka dada alikuwa amefungua barua pepe yake katika Chrome ya nyumbani ili kuchapisha barua ya kazi. Chrome ikamuuliza kama awashe usawazishaji, naye akakubali kama tunavyokubali mambo mengi bila kuyasoma. Tangu siku hiyo simu na tarakilishi zikawa ndugu wa kunyonya ziwa moja. Alichotembelea kwa simu usiku kiliandikwa kwenye akaunti, na kutoka kwenye akaunti kikashuka mezani petu. Hapo ungefuta faili za tarakilishi hadi vidole viume, kesho zingerudi nyingine.

Tiba ilikuwa rahisi baada ya kujua ugonjwa. Dada alimtoa mtu wake, yaani wasifu wake, katika Chrome ya nyumbani, akakubali data yake iondolewe kwenye mashine hiyo. Kumbuka pia kinyume chake: ukifuta historia katika tarakilishi ukiwa umeingia na usawazishaji umewashwa, inafutika na kwenye simu. Kwa hiyo ukikuta akaunti ya mwenzio iko wazi, usimfutie. Mwite.

Halafu akaunti ya Google ina daftari lake lingine la mambo uliyoyatafuta, ambalo halikai nyumbani kwako kabisa. Linaitwa Shughuli Zangu. Unaweza kuingia ukalisoma, ukafuta jambo moja moja, au ukaliamuru lijifute baada ya miezi 3, 18 au 36. Kwa akaunti mpya, tangu Juni 2020, mambo ya utafutaji hujifuta yenyewe baada ya miezi 18 usipobadilisha. Hebu litazame lako siku moja. Mimi nilikuta swali nililouliza nikiwa darasa la saba kuhusu kama papa huingia mto Sabaki.

Nje ya kivinjari kuna pembe mbili tatu ambazo husahaulika. Ukifuta historia ya vilivyopakuliwa, umefuta orodha ya majina tu. Faili zenyewe bado ziko katika kabrasha la Downloads. Hapo ndipo utakuta fomu za majirani, nakala za vitambulisho, hata matokeo ya maabara ya mtu. Nenda ukazifute, kisha ufute na katika pipa la taka. Windows pia huweka orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni, nayo huionyesha mtu anapofungua makabrasha. Na kuna daftari dogo la majina ya tovuti ambalo mashine hulitunza kwa muda ili isiulize njia mara kwa mara. Ukifungua dirisha la amri na kuandika ipconfig /displaydns utaliona, na ukiandika ipconfig /flushdns unalifuta. Hata hivyo kuizima na kuiwasha upya mashine kwa kawaida hulimaliza, kwa hivyo usipoteze usingizi.

Wengi huniuliza, "Si nitumie Hali Fiche nimalize?" Hali Fiche ya Chrome, iliyotoka mwaka 2008, ni nzuri kwa kazi yake. Ukifunga madirisha yake yote, kivinjari hakiweki historia wala vidakuzi vya kipindi hicho. Ulichopakua kinabaki. Anayekuuzia intaneti na tovuti uliyoitembelea bado wanaweza kukuona. Kulikuwa na kesi huko Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2020, ambapo watumiaji waliishtaki Google kwamba ilikuwa ikikusanya habari zao hata wakiwa katika hali hiyo. Katika mapatano ya mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu na kuyaweka wazi zaidi maelezo inayomwonyesha mtu anapofungua dirisha hilo. Basi Hali Fiche inakuficha kwa atakayeketi kwenye kiti baada yako. Kwa jambo letu la sebuleni, hilo ndilo tunalolihitaji.

Vipi kuhusu programu za kufagia? Tahadhari. Programu mashuhuri kuliko zote, CCleaner, ambayo zamani ilisifika kwa kuzifuta index.dat, ilipatwa na balaa mwaka 2017. Wahalifu waliingiza msimbo wao ndani ya toleo la 5.33, na watu zaidi ya milioni mbili wakaipakua kutoka kwa mwenyewe, wakidhani wameleta mfagiaji. Iliponyooshwa, ilinyooshwa. Lakini kama kitufe cha kivinjari chenyewe kinatosha, kwa nini nimwalike mgeni mwenye ufagio na funguo zote?

Jambo la mwisho la kitaalamu: kufuta faili si kuichoma. Mashine huandika tu kwamba nafasi ile iko huru, na maandishi ya awali yanaweza kukaa hapo mpaka yaandikiwe juu. Fundi mwenye vifaa anaweza kuyafufua, hasa katika diski za zamani zinazozunguka. Kwa mjomba na jirani hili halina uzito. Lina uzito siku mtakapoiuza mashine. Hapo kufuta historia hakutoshi, diski nzima isafishwe au itolewe.

Kwetu, baada ya yale ya Juni, hatukuamua kufuta kila jioni. Kazi hiyo ingemchosha hata malaika. Tulimfungulia kila mtu akaunti yake ya Windows yenye nenosiri lake. Kila akaunti ina kabrasha lake, na kila kabrasha lina AppData yake, kwa hiyo Chrome ya dada na Chrome ya kaka hazijuani. Kwa majirani tuna akaunti moja ambayo ndani yake tunafungua Chrome kwa hali ya Mgeni. Mgeni akifunga dirisha, historia yake na vidakuzi vyake vinaondoka naye, nasi tunakagua Downloads kabla ya kuaga. Kubadilisha akaunti ni kazi ya dakika moja, ingawa mwanzoni mama alinung'unika kwamba tumemjengea ofisi ya serikali ndani ya nyumba yake.

Akaunti yenye mamlaka ya usimamizi inaweza kuyafungua makabrasha ya wengine wote. Ilibidi tuamue nani aishike. Kaka alisema yeye, kwa kuwa ndiye anayesomea mambo hayo. Mimi nilisema mimi, kwa kuwa ndiye ninayekaa nyumbani zaidi. Dada akasema mama, na hakutoa sababu. Nenosiri analo mama.